Samaki Wanaopotea Ziwani, na Sisi wa Sironga



Katika mikutano yetu kuna swali moja ambalo hurudi kila tunapofika kwenye habari ya chakula cha watoto. Omena amepanda bei. Mtu anaenda sokoni na pesa zilizokuwa zikitosha gorogoro nzima, sasa anarudi na kikopo. Ngege wa asili, yule ambaye wazee wanamsifu kwa utamu, haonekani kabisa. Mbuta mzima amekuwa wa harusi; sisi tunabaki na mgongo wazi, yaani ule mfupa unaobaki kiwandani baada ya nyama kutolewa. Mama mmoja wa kikundi cha akiba aliuliza, "Kwani samaki wameenda wapi?" Mwenzake akamjibu kwa mzaha, "Watu wa ziwani wamewamaliza wote." Tukacheka, tukaendelea na ajenda nyingine.

Swali lile halikustahili kupitwa haraka namna hiyo. Ni kweli, sehemu ya jibu iko ziwani kwa wavuvi. Lakini sehemu nyingine iko hapa kwetu, katika kinamasi cha Sironga na katika vijito tunavyovuka kila siku tukienda shuleni na sokoni. Nimeona nieleze jambo hili polepole, kwa sababu wengi wetu tunafikiri habari za viumbe wa majini ni za watu wa Kisumu na Mombasa.

Maji yetu huenda wapi

Tuko juu. Mvua ikinyesha Nyamira haikai hapa, hushuka. Mito yote ya wilaya yetu ya zamani, ambayo sasa ni kaunti, mwisho wake ni Ziwa Victoria. Mto Gucha, ambao majirani zetu Wajaluo wanauita Kuja, hupita Kisii na Migori na kuingia ziwani upande wa Nyatike. Mto Sondu huingia katika Ghuba ya Winam. Kutoka ziwani maji hutokea Jinja kule Uganda, yakawa Mto Nile, yakapita Sudan na Misri mpaka Bahari ya Kati. Kwa hiyo mtu wa Sironga akitupa chupa ya plastiki kwenye mtaro, kwa njia ya maji bahari yake si ile ya Mombasa, ni ile ya Misri! Chupa yenyewe pengine itanaswa njiani, lakini udongo, mbolea na dawa havinaswi kirahisi hivyo.

Ziwa lenyewe ni kubwa, karibu kilomita za mraba 68,800. Sisi Kenya tuna kipande kidogo tu, kama sehemu 6 katika kila 100. Kingine ni cha Uganda na Tanzania. Hata hivyo, kipande chetu kina Ghuba ya Winam, ambayo ina kina kifupi na mlango mwembamba wa kutokea kwenye ziwa kubwa. Maji ya ghuba hayabadiliki upesi. Kinachoingia humo kutoka milimani kinakaa.

Habari ya ningu

Nianze na samaki mmoja, kwa kuwa habari yake inafundisha kuliko ya wengine wote. Jina lake ni ningu. Vijana wengi wa leo hawajawahi kumwona, lakini wazee wanaojua masoko ya mpakani kama Sondu wanamkumbuka. Zamani nafaka kutoka vilimani ilikuwa ikibadilishwa na mifugo, vyungu na samaki kutoka ziwani, na ningu aliyekaushwa alikuwa katika biashara hiyo.

Ningu anaishi ziwani karibu na midomo ya mito, akila uchafu laini na ukungu wa kijani ulio chini ya maji. Lakini hazai ziwani. Mvua za masika zikianza na mito ikafura, ningu huingia mtoni kwa makundi makubwa, wakapanda dhidi ya mkondo. Wanatafuta mahali ambapo mto umevunja kingo na kufunika majani. Hapo kwenye majani yaliyofurika, penye maji mafupi na yaliyotulia, majike hutaga mayai maelfu kwa maelfu. Mayai hayachukui muda kuanguliwa. Mto ukianza kupungua, wazazi na watoto hurudi ziwani. Mvua za vuli zikija, wengine hupanda tena.

Watu wa kando ya mito walijua mwendo huo tangu mababu. Walijenga nyua za miti na matete kuvuka mto, wakaweka mitego ya kusuka, wakavua wakati wa kupanda na wakati wa kushuka. Walipata samaki wengi, lakini mitego ile ilikuwa na nafasi, na mto ukifura sana uliibomoa. Wengi waliponyoka. Hivyo mambo yakaendelea vizazi na vizazi.

Kisha zikaja nyavu za dukani. Nyavu za kwanza za kisasa ziliingia Ziwa Victoria mwaka 1905, zikiwa za uzi wa kitani. Katika miaka ya 1950 zikaja za nailoni, ambazo hazionekani majini, hazichakai upesi, na mtu mmoja mwenye mtumbwi anaweza kutega nyingi. Wavuvi wakagundua kwamba haina haja ya kumfuata ningu mtoni. Unatega nyavu pale mdomoni mwa mto, mvua zikikaribia, na ningu wote wanakuja wenyewe wakiwa na matumbo yamejaa mayai. Kwa miaka michache pesa zilikuwa nzuri. Baada ya hapo ningu wakaporomoka, na katika Mto Nzoia mitego ya jadi ikaanza kuachwa kwa kukosa cha kutega.

Tunajua hapa nyumbani kwamba hakuna anayechinja ng'ombe mwenye mimba akasema amepata nyama. Wala mwanamke mwenye akili hapiki mahindi ya mbegu mwezi wa Februari, labda awe amebanwa na njaa kabisa. Mvuvi wa mdomo wa mto alifanya vyote viwili kwa pamoja, na hakuwa mjinga. Alikuwa na watoto wa kusomesha kama sisi, na alijua kwamba asipotega yeye, jirani atatega.

Wengine watasema basi, kosa ni la nyavu, sisi wa milimani tunahusikaje? Tunahusika kwa sababu ningu hakurudi hata nyavu zilipohamia kwa samaki wengine. Ili arudi anahitaji mto wenye kingo za majani, unaofura taratibu na kupungua taratibu. Ni mito mingapi ya namna hiyo iliyobaki? Kingo zimelimwa mpaka majini. Mvua ikinyesha mto unafura kwa saa chache ukiwa mwekundu kama chai ya rangi, halafu unashuka ghafla. Mayai yaliyotagwa kwenye majani yanabaki nchi kavu, au yanafunikwa na matope yakakosa hewa. Tena kuna vizuizi vya umeme. Gogo kwenye Mto Gucha kuna mtambo tangu miaka ya 1950, na kwenye Mto Sondu mradi wa Sondu-Miriu ulianza kutoa umeme katika miaka ya 2000. Umeme tunautaka wote, mimi naandika haya chini ya taa. Lakini samaki anayepanda mto hasomi bango, akikuta ukuta anagonga ukuta.

Ningu mwenyewe ni vigumu kufika huku kwetu, kwa vile njiani kuna maporomoko makubwa. Hatujawahi kumla mchanga wala kumtegea nyavu. Lakini matope yanayofunika mayai yake ni mashamba yetu yanayoteremka.

Jambo moja la kutia moyo ni kwamba kituo cha utafiti cha KMFRI kule Kegati, si mbali na mji wa Kisii, kimekuwa kikifanya kazi ya kumzalisha ningu kwenye mabwawa. Samaki wa ziwani anafundishwa kuzaa huku huku milimani! Ni kazi njema, na vikundi vyenye mabwawa vingefaa kutembelea mahali hapo. Ila bwawa haliwezi kuchukua nafasi ya mto mzima.

Ngege, fulu na mbuta

Habari ya ngege nitaieleza kwa kifupi. Alikuwa ndiye samaki mkuu wa ziwa. Nyavu zilipoingia, zikamvua mpaka akapungua mapema sana, hata serikali ya wakoloni ikaleta mtaalamu kupima ziwa katika miaka ya 1927 na 1928. Akashauri nyavu zenye macho madogo zikatazwe. Amri ikawekwa, ikavunjwa, mwishowe ikaondolewa. Leo ngege wa asili karibu ametoweka katika ziwa kubwa. Amebaki katika maziwa madogo ya pembeni, kama Ziwa Kanyaboli kule Siaya, na kilichomwokoa huko ni kinamasi cha mafunjo kinacholizunguka, ambacho mbuta hawezi kukipenya. Kumbukeni jambo hilo, tutarudi kwake. Yule anayeuzwa sokoni leo kwa jina la ngege ni ndugu yake, aliyeletwa kutoka maji mengine.

Mbuta naye si mwenyeji. Aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960 ili aongeze nyama na pesa. Kwa miaka mingi hakuonekana sana, halafu katika miaka ya 1980 akajaa ghafla. Mbuta mkubwa anaweza kufika kilo 200, na chakula chake ni samaki wenzake. Ziwani kulikuwa na fulu, samaki wadogo wa aina mamia ambao hawako penginepo duniani. Wataalamu wanakadiria kwamba aina zipatazo 200 zimepotea. Mtu anaweza kusema, fulu ana mifupa mingi, apotee tu. Lakini fulu wengine walikuwa wakila ukungu wa kijani, wengine konokono wanaobeba kichocho, wengine matope ya chini. Walikuwa ndio wafagiaji wa ziwa. Ukifukuza wafagiaji wote kwa siku moja, nyumba itakuwaje?

Sitaki kumlaumu mbuta peke yake kama wengine wanavyofanya. Alileta viwanda, barabara na kazi, na mgongo wazi tunaokula sisi ni wake. Naye sasa anavuliwa akiwa bado mtoto. Kanuni inasema asivuliwe aliye chini ya sentimita 50, wala aliye juu ya sentimita 85, kwa kuwa wakubwa ndio wazazi. Nendeni sokoni mkapime wale wanaouzwa kwenye karai.

Maji yanapokosa hewa

Hapa ndipo tunapoingia sisi moja kwa moja.

Samaki anapumua hewa iliyoyeyuka ndani ya maji. Mbolea ya DAP tuliyoweka kwenye mahindi, na ile ya chai, ikichukuliwa na mvua huingia kijitoni pamoja na udongo. Samadi ya zizi lililo kando ya mto ni vivyo hivyo, na maji ya vyoo, na maji machafu ya kahawa inayooshwa. Vitu hivi vikifika ziwani vinaendelea na kazi yao ile ile ya kulisha mimea. Ukungu wa kijani unaota mpaka maji yanakuwa kama supu ya sukuma. Unapokufa unazama chini na kuoza, na kuoza kunatumia hewa. Mmewahi kulala katika chumba kilichofungwa madirisha na jiko la makaa ndani? Jiko linakula hewa na watu wanazidiwa. Ndivyo ilivyo chini ya ziwa. Kuna sehemu za chini ambazo samaki hawezi kuishi miezi mingine ya mwaka, na upepo ukivuruga maji yale yakapanda juu, samaki wanaelea wamekufa.

Mbolea hiyo hiyo ndiyo inayonenepesha gugu maji. Gugu hili lenye maua mazuri ya zambarau lilitoka Amerika ya Kusini, likaonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Kufikia 1998 lilikuwa limefunika sehemu kubwa ya Ghuba ya Winam, mitumbwi ikishindwa kutoka, na bandari ya Kisumu ikifungika. Wadudu wadogo wanaolila gugu hili waliachiliwa ziwani, na likapungua sana kufikia mwaka 2000. Lakini mbegu zake hulala kwenye matope miaka mingi. Baada ya mvua kubwa likarudi, na limekuwa likirudi kila mara. Wadudu wanalila, nasi huku juu tunalipalilia bila kujua.

Na dawa za kuua wadudu. Mwaka 1999 nchi za Ulaya zilisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ilijulikana kuwa kuna watu waliovua kwa kumwaga sumu majini. Viwanda vilipata hasara na watu wakakosa kazi. Walifanya vibaya sana. Lakini je, yule anayemaliza kunyunyizia nyanya dawa, kisha anaosha pampu yake kijitoni na kumwaga kilichobaki humo, anatofautiana nao kwa nini? Labda kwa kipimo tu. Kaa wa mto hufa kwanza, halafu viluwiluwi na wadudu wa majini ambao ni chakula cha kambare.

Kinamasi chetu

Sasa turudi kwenye mafunjo yale ya Kanyaboli, kwa sababu na sisi tunayo, ama tulikuwa nayo. Kinamasi cha Sironga ni chujio. Maji yenye matope yakiingia kwenye mafunjo na matete yanapunguza mwendo, udongo unatua, na mizizi inakula mbolea kabla haijasafiri. Yanayotoka upande wa pili ni meupe zaidi. Tena ni sifongo: kinakunywa mvua ya Aprili na kuitoa kidogo kidogo Januari, wakati visima vya wengine vimekauka. Humo kambare huzaa. Kule chini ziwani, kamongo, yule samaki anayeweza kuvuta hewa kama mtu, hujenga kiota kando ya mafunjo na dume hukilinda. Vinamasi vilipolimwa, kamongo naye akapungua.

Tumekifanyia nini kinamasi hiki? Tumechimba udongo wa matofali. Tumepanda mikaratusi, ile tunayoita blugamu. Tumechimba mitaro ili maji yatoke haraka tupande mboga na nduma. Najua kabisa kwamba nikisema haya kuna watu watanikasirikia, kwa sababu matofali ya Sironga yamelipa karo ya watoto wengi, na nguzo za blugamu zimejenga nyumba nyingi. Shamba letu ni dogo, familia ni kubwa. Mtu mwenye nusu ekari ukimwambia aache mita kadhaa kwa ajili ya samaki wa Nyatike atakuona umechanganyikiwa.

Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, marehemu John Michuki, alitoa agizo mikaratusi yote iliyo karibu na vyanzo vya maji ing'olewe. Wengine walikata. Wengi waliikata na ikachipuka tena, kwa maana kisiki cha blugamu hakifi kwa kutangaziwa redioni. Mwaka huo huo zikatoka kanuni za kulinda vinamasi na kingo za mito chini ya NEMA. Sheria zipo. Lakini mimi sijaona kinamasi kilicholindwa na karatasi bila watu wenyewe kukubaliana.

Waliokubaliana

Hapa nitawapeleka mbali kidogo, mpaka Pwani, kwa kuwa huko kuna kikundi kama vyenu kilichofanya jambo ambalo wengi waliliona ni wazimu.

Baharini shida ni zile zile kwa majina mengine. Kasa akinaswa kwenye wavu chini ya maji anakosa pumzi, maana yeye hupumua hewa ya juu kama sisi. Pale Watamu wavuvi wamezoea kumpigia simu mtu wa uhifadhi akaja kumchukua kasa na kumwachilia. Kasa huyo huyo hula mfuko wa plastiki akidhani ni yule mnyama laini wa baharini anayeitwa konyeza. Ni jambo moja ambalo Kenya ilifanya vizuri, kupiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi wa Agosti 2017. Nguva amekuwa adimu kabisa. Na mwaka 1998 maji ya bahari yalipata joto kupita kiasi, matumbawe mengi yakafa, na matumbawe ndiyo nyumba za samaki.

Kijiji cha Kuruwitu, katika Kaunti ya Kilifi, wavuvi waliona samaki wao wanaisha. Walikuwa wengi, nyavu zilikuwa mbaya, na kulikuwa na watu waliokuja kukamata samaki wa rangi wa kuuza nje wakawekwe kwenye vioo vya nyumbani. Mwaka 2003 wakaunda chama. Baadaye wakakubaliana kufunga kipande cha bahari kama hekta 30, wakakiita tengefu, na ndani yake asivue mtu yeyote. Hebu fikirieni mjadala wa siku hiyo! Mtu ana njaa leo, nawe unamwambia apunguziwe mahali pa kuvua. Wengine walipinga vikali, na hawakuwa na kosa kupinga.

Lakini tazameni jinsi jambo hili linavyofanya kazi. Samaki ndani ya tengefu anaachwa akue. Samaki mkubwa hatagi mayai mara mbili ya mdogo tu, hutaga mara nyingi zaidi. Watoto hawajui mpaka, wanatoka nje ya tengefu, na huko ndiko wavuvi wanakowangojea. Baada ya miaka michache samaki waliongezeka, matumbawe yakaanza kurudi, na wageni wakaanza kulipa ili waogelee na kuangalia. Mwaka 2017 chama hicho kilipewa tuzo ya kimataifa ya Ikweta, pamoja na wenzao wa Mikoko Pamoja wa Gazi, Kwale, wanaotunza mikoko. Wageni na wataalamu waliwasaidia, sikatai. Lakini wanaokaa ufukweni usiku kuangalia nani anaingia na wavu ni wanakijiji.

Ziwani pia kuna mfano. Kila mwaka kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai uvuvi wa omena upande wa Kenya hufungwa ili wazae. Ndiyo maana bei yake inapanda miezi hiyo. Tukijua hivyo tunaweza kununua kwa pamoja mwezi wa Machi, kukausha vizuri na kuhifadhi, badala ya kununua wale wa magendo mwezi wa Mei.

Tuanzie wapi hapa

Sironga hatuna bahari ya kufunga. Tuna kingo za kijito na kipande cha kinamasi. Kanuni za maji za 2007 zilitaja nafasi isiyopungua mita 6 kutoka ukingoni, hata mita 30 kwa mito mikubwa, isiyolimwa. Nafasi hiyo si lazima ikae bure. Majani ya napier yanashika udongo na ng'ombe anakula. Mafunjo yanakatwa juu kwa mikeka na kuezekea, mizizi inabaki. Mianzi inauzika kama blugamu na haikaushi chemchemi vile. Blugamu ipande juu mlimani penye mawe, huko haina ugomvi na mtu.

Kuhusu matofali, tusidanganyane, hayataisha leo. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya shimo lililochimbwa pembeni kisha likafukiwa, na mashimo ishirini katikati ya mafunjo yaliyoachwa yakifuga mbu. Mashimo mengine ya pembeni yanaweza kuwa mabwawa ya samaki. Mwaka 2009 serikali ilianza mpango wa mabwawa, 200 kwa kila eneo bunge katika maeneo 140, na Kisii na Nyamira tulichimba kwa bidii. Mengi leo ni makazi ya vyura. Watu walipewa vifaranga na chakula mara moja, msaada ukaisha, hesabu ikawashinda. Mabwawa yaliyodumu ni yale ambayo wenyewe walijifunza kuchanganya chakula nyumbani na kuvua kwa zamu. Kabla ya kuchimba, muiteni afisa wa uvuvi, na msichimbe ndani ya kinamasi chenyewe. Tena wekeni wavu kwenye bomba la kutolea maji, ili samaki wa kigeni wasitorokee mtoni wakachanganyika na wa asili. Historia ya mbuta tumeisikia.

Pampu za dawa zioshwe shambani, na maji yake yamwagwe kwenye mahindi yale yale. Na vikundi viulize habari za chama cha watumiaji wa maji cha eneo lenu, kwa sababu sheria inaviruhusu vyama hivyo kupanga matumizi ya mto kutoka juu mpaka chini, na huko ndiko mtu wa Sironga anaweza kukaa meza moja na mtu wa Nyatike.

Mvua za masika zikikaribia, ningu wachache waliobaki watakuwa wanangoja mdomoni mwa mto. Kwa hiyo tunapendekeza kila kikundi kilicho kando ya kijito kitenge siku moja mwezi wa Februari, kabla ya kulima. Njooni na kamba ya mita 6, vigingi, na miche ya napier. Anayeshika kamba upande wa shamba awe mwenye shamba mwenyewe, na wazee wawili washuhudie kigingi kikipigwa.